Kipimo cha damu cha kromosomu za mtoto aliye tumboni: hesabu nzuri, maelezo mabovu

Tathmini hii inahusu huduma niliyoinunua mwenyewe katika kliniki moja binafsi ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nia yangu ni kueleza mnunuzi anapata nini na hapati nini, si kuwachongea vijana wa mapokezi wanaofuata maelekezo ya mwajiri wao. Huduma yenyewe ni kile kipimo cha damu ya mama mjamzito kinachokagua kama mtoto ana kromosomu, yaani vile vifurushi vya vinasaba vilivyomo ndani ya seli, za ziada au pungufu. Nilikuwa na umri wa miaka 39 na ujauzito wa wiki 11, nikiwa na mtoto mmoja wa darasa la sita nyumbani na mimba moja iliyoharibika miaka miwili kabla. Ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, na kila mwaka huchora ubaoni hatua za mgawanyiko wa seli mbele ya kidato cha nne. Nilidhani ujuzi huo ungenikinga, lakini siku simu ilipoita haukunisaidia hata kidogo.

Upande wa uchukuaji wa damu sina malalamiko. Nilipokewa kwa wakati, nikalipa shilingi milioni moja na laki tatu, na muuguzi aliupata mshipa kwa sindano ya kwanza. Alitumia kichupa kikubwa kuliko vile vya vipimo vya kawaida, kilichokuwa na dawa ndani yake, na baada ya kukijaza alikipindua taratibu juu chini mara kumi bila kukitikisa. Nilipomwuliza sababu alinijibu vizuri kabisa: sampuli inasafirishwa kwenda maabara ya nje ya nchi, na chembe nyeupe za damu zikipasuka njiani, vinasaba vya mama vitamwagika na kuvizamisha vile vichache vinavyotafutwa. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo bora kuliko yote niliyopewa katika jengo lile, na aliyeyatoa alikuwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunichukua damu tu.

Kipeperushi nilichopewa kilikuwa na picha ya mtoto mchanga wa Kizungu akicheka, na chini yake maneno kwamba kipimo kinaeleza afya ya mtoto kwa usahihi wa asilimia 99. Sentensi hiyo ina makosa mawili, na kwa kuwa ndiyo sentensi inayouza huduma nzima, nitaifafanua kwa kirefu kidogo.

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu, ukiondoa mayai, mbegu za kiume na chembe nyekundu za damu, hubeba kromosomu 46 katika jozi 23. Idadi hiyo tunaifundisha leo kana kwamba ilijulikana tangu zamani, lakini ilithibitishwa mwaka 1956 tu, na Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, pamoja na Albert Levan huko Lund, Sweden. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha 48 kwa miongo kadhaa. Mara hesabu sahihi ilipopatikana, hesabu zisizo sahihi zikaanza kuonekana. Mwaka 1959 Raymond Turpin, Marthe Gautier na Jérôme Lejeune wa Paris walionyesha kwamba watoto wenye sindromu ya Down, ambayo daktari Mwingereza John Langdon Down alikuwa ameieleza mwaka 1866 bila kujua chanzo chake, wana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba wanawake wenye hali ya Turner wana kromosomu X moja tu, na wanaume wenye hali ya Klinefelter wana X mbili pamoja na Y. Mwaka 1960 zikafuata trisomi 18 na trisomi 13, zinazojulikana kwa majina ya Edwards na Patau; trisomi ni hali ya kuwa na kromosomu tatu za namba hiyo badala ya mbili. Kipimo nilichonunua kinatafuta hizo tatu, yaani 21, 18 na 13, na kwa nyongeza ya bei kinakagua X na Y. Hicho ndicho kiasi cha "afya ya mtoto" kinachouzwa, na hilo ndilo kosa la kwanza la ile sentensi. Selimundu haimo, na matundu ya moyo hayamo, wala hayamo mamia ya magonjwa ya jeni moja moja ambayo idadi ya kromosomu haiyagusi kabisa.

Namna kinavyofanya kazi inastahili sifa, na hapa sina kinyongo. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vinavyotokana na ujauzito huelea katika majimaji ya damu ya mama, na kufikia mwaka 2011 ugunduzi huo ukawa bidhaa inayouzwa. Kufikia wiki ya kumi na kuendelea, takribani sehemu moja ya kumi ya vipande hivyo hutoka kwa ujauzito na iliyobaki ni ya mama mwenyewe. Mashine haivitenganishi, inavihesabu vyote kwa mamilioni na kuuliza kila kipande kimetoka kwenye kromosomu ipi. Chukua mfano wa kromosomu 21. Ikiwa kwa kawaida tungetarajia vipande 1,000, ujauzito wenye trisomi 21 utaongeza nusu ya ile sehemu yake ya kumi, nasi tutapata 1,050 hivi. Kitu chote kinasimama juu ya vipande hamsini vya ziada katika elfu moja. Hesabu ya namna hiyo inahitaji umakini mkubwa, na ndiyo maana maabara hukataa kutoa jibu pale sehemu ya ujauzito inapokuwa ndogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 4. Mama aliyeambiwa arudie sampuli asidhani kuna jambo linafichwa.

Kwa nini basi mwanamke wa miaka 39 anashauriwa zaidi kupima kuliko binti wa miaka 22? Kipeperushi kilisema "umri mkubwa huongeza hatari" na kikaishia hapo, kauli ambayo kwa masikio ya mama husikika kama lawama kwamba amechelewa. Mimi darasani hueleza jambo hili kwa kamba za viatu na vibanio vya nguo. Kamba mbili za rangi moja ni kromosomu moja iliyokwisha kujinakili, na vibanio vinazishikilia pamoja. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, kromosomu iliyotoka kwa baba na mwenzake iliyotoka kwa mama hukutana, hubadilishana vipande, na hubaki zimeshikamana kwa vibanio hivyohivyo mpaka wakati wa kuvutwa kila moja upande wake. Baadaye, katika mgawanyiko wa pili, nakala mbili nazo huachana. Seli ikimaliza mizunguko yote miwili sawasawa, yai hubaki na kromosomu 23. Jozi ikikosea kuachana, zote mbili zikavutwa upande mmoja, yai hubaki na 24 au 22, na kosa hilo haliwezi kurekebishwa na mbegu ya baba hata ikiwa nzima namna gani.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa kila mwaka ni saa ya kuanza kwa kazi hiyo. Msichana huanza meiosisi ya mayai yake akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anapozaliwa tayari ana mayai kati ya milioni moja na mbili, na yote yamesimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza, kamba zikiwa zimeshabanwa. Yai litakaa hivyo mpaka mwezi wake ufike, iwe ni baada ya miaka 15 au 40, na mgawanyiko wa pili hautakamilika mpaka mbegu ya kiume iingie. Yai langu la mwaka jana, kwa hiyo, lilikuwa limebanwa kamba zake tangu kabla sijazaliwa. Vibanio vyenyewe ni protini ziitwazo kohesini, na kwa kadiri inavyojulikana yai haliviweki vipya kwa kiasi cha kutosha vya zamani vinapochoka. Yeyote aliyewahi kuacha vibanio vya plastiki kwenye kamba ya nguo miaka kumi juani anajua kinachofuata: vinaonekana vizima, lakini siku ya upepo shuka linaanguka. Ndiyo maana uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni takribani 1 kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, 1 kati ya 350 akifika 35, 1 kati ya 100 akifika 40, na 1 kati ya 30 hivi akifika 45. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya tangu balehe, kwa hiyo vibanio vyake havikai foleni miaka yote hiyo, na kromosomu 21 ya ziada hutoka kwa mama katika takribani visa tisa kati ya kumi. Haimaanishi kwamba baba hahusiki popote: katika hali ya Turner, kromosomu X inayokosekana mara nyingi ni ile iliyopaswa kutoka kwake.

Haya yangeelezwa kwa ukurasa mmoja wa kipeperushi, yangewaokoa wanawake wengi na mengi. Mimba yangu iliyoharibika wiki ya tisa, shangazi yangu alisema ni ndoo za maji nilizobeba wiki ile bomba lilipokatika, na mimi, mwalimu wa biolojia, nilizikumbuka ndoo hizo kwa miezi. Ukweli ni kwamba takribani nusu ya mimba zinazoharibika mapema zina kosa la kromosomu, na mara nyingi zaidi ni kosa ambalo hatulioni kamwe kwa watoto wanaozaliwa, kama trisomi 16, ambayo ndiyo trisomi inayoongoza katika mimba zilizotoka na ambayo ikiwa katika seli zote mtoto hafiki kuzaliwa. Hakuna ndoo inayoweza kuziweka kromosomu 16 tatu kwenye yai. Wala mkosi, wala jicho la jirani. Ningeipunguzia kliniki alama kwa kuuza kipimo cha zaidi ya milioni moja bila kumwambia mama jambo hilo moja, hata kama asingenunua kipimo.

Nimefika kwenye majibu. Niliahidiwa siku saba za kazi. Yalitoka siku ya kumi na mbili. Nilikuwa katika chumba cha walimu, saa nne asubuhi, na rundo la madaftari ya kidato cha pili mbele yangu.

"Shikamoo mama," kijana wa mapokezi alisema.

"Marahaba."

"Majibu yako yametoka. Mtoto ana shida ya kumi na tatu. Daktari anaomba uje na baba yake."

Nilimwuliza kumi na tatu ya nini, ingawa nilikuwa najua. Alisema imeandikwa hivyo tu. Trisomi 13 ni nzito kuliko zote tatu zinazotafutwa: mdomo na kaakaa la kinywa kupasuka, vidole vya ziada, kasoro za moyo na za ubongo, na wengi wa watoto hao hawamalizi mwaka wa kwanza. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na sikusahihisha daftari hata moja.

Jioni ile mimi na mume wangu tulikaa mbele ya daktari kwa muda usiozidi dakika kumi. Alitusomea karatasi moja yenye kisanduku chekundu kilichoandikwa kwamba hatari ni kubwa, akasema kipimo kina usahihi wa asilimia 99 na kwa hiyo tusijidanganye. Nilimwuliza: kwa umri wangu, na kwa trisomi hii, uwezekano kwamba jibu ni la kweli ni kiasi gani? Alirudia 99. Alikuwa mpole na sidhani kwamba alitaka kutudanganya. Nadhani alikuwa amesoma kipeperushi kilekile nilichosoma mimi.

Hapa ndipo lilipo kosa la pili la ile sentensi. Asilimia 99 ni jibu la swali hili: kati ya mimba ambazo kweli zina trisomi 21, kipimo kinazikamata ngapi? Swali la mama aliyeshika karatasi yenye kisanduku chekundu ni jingine kabisa: kati ya walioambiwa wana tatizo, ni wangapi kweli wanalo? Tuwachukue wanawake 10,000 wa miaka 20, na tuseme kipimo kinakosea kwa kuwaogopesha bure 1 katika kila 1,000 ya walio salama. Wenye mimba ya trisomi 21 watakuwa 7 hivi, na kipimo kitawakamata wote. Lakini walioogopeshwa bure watakuwa 10. Wanawake kumi na saba watapigiwa simu, na kumi kati yao watalia bila sababu. Kwa wanawake 10,000 wa miaka 40, wenye mimba hiyo watakuwa 100 na walioogopeshwa bure ni walewale 10, na jibu linakuwa la kuaminika sana. Kipimo ni kilekile, na maabara ni ileile. Trisomi 13 ni adimu mara nyingi zaidi kuliko 21 hata kwa umri wangu, kwa hiyo jibu lake huangukia upande wa wale wasichana wa miaka 20, si upande wa 99. Niliifanya hesabu hii nyuma ya bahasha usiku ule mezani jikoni, lakini mama mjamzito hapaswi kuwa mwalimu ili aipate.

Nilirudi asubuhi iliyofuata kuomba ripoti kamili, kwa sababu ile karatasi ilikuwa imeandikwa pembeni kwamba ni ukurasa wa 1 kati ya 2. Kijana yuleyule aliichapa ya pili kwa muda usiozidi dakika moja; printa ilikuwa hapohapo nyuma ya kiti chake. Ukurasa ule ulikuwa na kila nilichomwuliza daktari. Sehemu ya ujauzito katika damu yangu ilikuwa asilimia 8. Uwezekano kwamba jibu ni la kweli haukufika nusu. Ilikuwepo pia sentensi kwamba kipimo ni cha uchunguzi wa awali na si cha kuthibitisha, na nyingine iliyosema kwamba vinasaba vinavyohesabiwa hutoka kwenye kondo la nyuma. Maabara ilikuwa imesema ukweli wote, na kliniki ikaubakiza kwenye kompyuta.

Katika hospitali nyingine, kubwa, nilikutana na daktari bingwa wa wanawake na uzazi ambaye kwa nusu saa hakugusa mashine yoyote. Aligeuza karatasi ya dawa, akachora mduara wa mtoto na mkate wa kondo pembeni, akanyoosha mshale kutoka kwenye kondo hadi kwenye mshipa wa mama. "Mama," alisema, "damu yako haijamwona mtoto. Imeliona kondo." Mtoto na kondo la nyuma hutokana na yai moja lililorutubishwa, lakini njia zao huachana mapema sana, na baada ya hapo kila upande hugawanya seli zake kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa kukua, ambao nao hukosea. Seli moja ya upande wa kondo ikishindwa kugawa kromosomu 13 sawasawa, seli zote zitakazotokana nayo zitarithi kosa hilo, na kondo litakuwa na mchanganyiko wa seli zenye 46 na zenye 47 huku mtoto akiwa mzima. Njia nyingine ni ya kinyume: yai huanza likiwa na kromosomu tatu kutokana na kosa la meiosisi, kisha seli moja ya mwanzo huipoteza ile ya ziada na kuwa chanzo cha mtoto, ilhali kondo linabaki na kosa la awali. Kosa la kupoteza kromosomu, ambalo kwingineko ni janga, huwa hapo limemwokoa mtoto. Pamoja na hayo hakunipa ahadi. Alisema wazi kwamba huenda mtoto anayo, na njia ya kujua ni kuchukua maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kwa hatari ndogo ya mimba kutoka, isiyofika asilimia 1.

Nilikubali katika wiki ya 16. Kwanza alipitisha altrasaundi polepole akituonyesha mdomo, moyo na vidole, kisha sindano nyembamba ndefu iliingia huku akiifuata kwenye skrini, na bomba la sindano likajaa maji ya rangi ya bua kavu la mpunga, kama mililita 20. Iliuma kidogo kuliko nilivyohofia, na ilidumu muda mfupi kuliko kuchukuliwa damu.

Kinachofanyika na maji hayo maabara ndicho kilichonifurahisha mwalimu ndani yangu, hata katika majuma yale. Ndani yake huelea seli zilizobanduka kwenye ngozi na mwili wa mtoto mwenyewe. Hukuzwa kwa siku kadhaa mpaka zianze kugawanyika, kisha hutiwa dawa inayozivunja nyuzi za kuvutia, ili mgawanyiko usimame palepale kromosomu zinapokuwa zimejikunja na kunenepa, tayari kuachana. Kwa maneno mengine, ili kugundua kosa la mgawanyiko, mtaalamu anausimamisha mgawanyiko katika hatua ileile ambayo kosa hutokea. Seli huvimbishwa kwa maji yasiyo na chumvi ya kutosha, hutandazwa kwenye kioo, na kupakwa rangi ya Giemsa, rangi ileile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria kwa hadubini. Kila kromosomu hutokeza michirizi yake, kama kitenge chenye nembo yake, na mtu aliyezoea huzipanga jozi kwa jozi. Picha hiyo huitwa kariotipu, na uzuri wake ni kwamba huonyesha pia yale ambayo hesabu ya damu huyakosa, kama vile kromosomu iliyokatika na kujiunga na nyingine. Takribani visa 3 hadi 4 katika kila 100 vya sindromu ya Down hutokana na muungano wa namna hiyo, na visa hivyo ndivyo vinavyoweza kurithiwa kutoka kwa mzazi mwenye afya njema asiyejua kwamba anaubeba. Familia iliyopata mtoto mwenye Down ingefaa iwe na picha hiyo mkononi kabla ya kuambiwa lolote kuhusu mtoto anayefuata.

Majibu yetu yalichukua siku 18. Katika seli zote zilizohesabiwa, kromosomu zilikuwa 46. Mume wangu aliikata ile picha ya jozi 23 na kuichomeka kwenye kioo cha kabati.

Sasa swali ambalo wengi wameniuliza: kipimo kinafaa kununuliwa? Kwa maoni yangu kinafaa kwa mama aliyefikisha miaka 35 na kuendelea, au aliyewahi kupata mimba yenye trisomi, au ambaye altrasaundi imeonyesha jambo, mradi ajue kwamba jibu la hatari kubwa litamdai hatua ya pili yenye gharama yake na kusubiri kwake. Kwa mama wa miaka 24 asiye na historia yoyote, ningemshauri aanze na altrasaundi ya kati ya wiki 11 na 13, ambayo pamoja na mengine hupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto. Si kali kama kipimo cha damu, lakini ni nafuu na huona vitu ambavyo hesabu ya kromosomu haivioni. Watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa sababu tu hao ndio wanaozaa zaidi, kwa hiyo umri usichukuliwe kuwa uzio. Wanaonunua kipimo hiki kwa ajili ya kujua jinsia, na kliniki inajua kwamba ni wengi, wasubiri altrasaundi ya wiki ya 20 wakanunulie kitanda fedha inayobaki.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kutoa mimba kwa sababu ya jibu la kromosomu, kipimo hakina maana Tanzania. Sikubaliani nao. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi kati ya hizo hutibika kwa upasuaji. Mama anayejua mapema anaweza kupanga ajifungulie karibu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili badala ya kugundua mtoto akiwa na miezi minane na midomo ya bluu. Anaweza pia kuwaandaa bibi, wifi na majirani, ili mtoto apokewe kwa jina lake na asifichwe chumba cha nyuma kwa kudhaniwa kwamba amerogwa, au aitwe mwenye usonji, ambao ni jambo jingine kabisa. Hayo yote yanahitaji mtu wa kuzungumza naye, na kipimo hiki kinauzwa bila mtu huyo. Wataalamu wa ushauri wa jenetiki ni wachache mno nchini, hilo naelewa. Lakini yule muuguzi aliyepindua kichupa mara kumi angeweza kufundishwa katika alasiri moja yale aliyoyachora daktari bingwa nyuma ya karatasi ya dawa.

Kwa kipimo chenyewe, kama kazi ya maabara, ninatoa nyota nne kati ya tano. Kwa kliniki iliyoniuzia, mbili, na moja kati ya hizo ni ya muuguzi.

Nilipojifungua salama niliwaandikia barua ya ukurasa mmoja na nusu, nikiomba waache kutoa majibu kwa simu, wafute ile asilimia 99 au waeleze ni ya nini, na wampe kila mama kurasa zote mbili. Walinijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, mwenye miaka 41, alikwenda palepale na akarudi na bahasha yake. Kurasa zilikuwa mbili, zimebanwa kwa pini. Kipeperushi kilikuwa kilekile.